Darasa la vipimo uani: shajara ya mradi, Ngamiani, Tanga

Hii ni kumbukumbu ya darasa la kupima kwa vernia na mikromita, vyombo vya mkono vya kupimia unene wa kipande mpaka sehemu ndogo za milimita, tunalofanya Jumamosi alasiri uani kwa karakana ya rafiki yangu hapa Ngamiani. Naiandika kwa ajili ya fundi mwingine anayetaka kuanzisha lake, awe Korogwe au Lindi, asije akatupa hela palepale tulipozitupa sisi. Mie ni mkerezaji, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, ualimu sijasomea. Kila hatua ikikamilika naongeza tarehe, na niliyoyaandika nyuma siyafuti hata yakiniaibisha.

18 Januari 2025: vifaa

Sababu ya darasa ni fupi. Vijana wanakuja karakana kuomba kibarua, wengine wana vyeti, lakini ukimpa mtu vernia anaigeuzageuza kama aliyeokota simu ya mwenzake. Na kazi za mji huu, kuanzia saruji na chokaa mpaka mkonge na mashine za kusaga za mitaani, zote zinatembea juu ya shafti, yaani vyuma vinavyozunguka, na beringi zinazovishikilia. Anayejua kupima mpaka sehemu ya mia ya milimita hakai wiki bila kuitwa mahali.

Maendeleo nitayafuata kwa namba moja tu, nimeiita pengo. Watu wote wanapima kipande kimoja, kila mtu anaandika alichosoma, kisha natoa kipimo kidogo kwenye kikubwa. Lengo ni pengo la milimita 0.02 kwa mikromita.

Nimenunua vernia tatu za chuma za milimita 150, zinazosoma 0.02, kila moja 38,000. Za kidijitali zipo na wala si ghali, ila nimezikataa makusudi: betri ikifa mtu anabaki hajui kitu. Mikromita ndogo mbili, za 0 hadi 25, kila moja 65,000. Mikromita moja kubwa ya 25 hadi 50 nimeipata mtumba kwa 40,000. Ni nzuri, haina kutu, lakini haikuja na kile kijiti chake cha milimita 25 cha kuisawazishia, na mikromita ya ukubwa huo haifungi mpaka sifuri, kwa hiyo bila kijiti hujui kama inasema kweli. Meza na taa, 35,000.

Kijiti nimekitafutia njia ya mkato. Beringi mpya ni kitu kilichotengenezwa kwa usahihi mkubwa na kinauzwa kila duka la vipuri. Ile ya namba 608 ina milimita 22 nje, na kwa daraja la kawaida inaruhusiwa kupungua mikroni 9 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), kuzidi hairuhusiwi hata moja. Namba 6204 ina 20 ndani, 47 nje, na kule nje inaruhusiwa kupungua mikroni 11. Kwa vyombo vyetu, hizo zinatosha kuwa mashahidi. Nimechukua 608 tatu kutoka maduka matatu tofauti kwa 2,500 kila moja, na 6204 moja kwa 4,500.

Jumla 331,000. Wanafunzi ni tisa, kila mmoja atachangia 20,000 kwa kozi nzima.

1 Februari: siku ya kwanza

Wamekuja wote tisa. Kuna mzee mjenzi wa majahazi kutoka Sahare, dada mshona cherehani wa Makorora, kijana wa bodaboda, wachomeleaji wawili, na wengine waliowahi kufanya vibarua viwandani. Mzee amepima maisha yake yote kwa shibiri, wanda na jicho, na majahazi yake yanaelea. Sikumwambia amekosea, maana hajakosea. Nilimwambia tu kwamba beringi haina huruma kama mbao, haivimbi ikilowa ikaziba nafasi.

Nikawapa kipande cha chuma na vernia. Pengo la kwanza: 4.40. Ndiyo, milimita nne na ushei. Mkubwa alisoma 21.90, mdogo 17.50, mie napata 21.46.

Sababu zilikuwa mbili, zote za macho. Kwanza, wengi walisoma pale ule mkono unaoteleza unapoanzia, badala ya pale mstari wake wa sifuri ulipo. Nilieleza mara tatu, ikawa kama kumwagia bata maji. Dada wa cherehani akatoa rangi ya kucha kwenye mkoba, nyekundu, tukaupaka ule mstari wa sifuri kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Tangu dakika ile hakuna aliyekosea tena. Pili, vernia ina safu ya inchi juu na ya milimita chini, na mtu akichoka jicho linaparamia lililo karibu. Tumeziba safu ya inchi kwa plasta ya kidonda.

Tulipofunga, pengo lilikuwa 0.40.

8 Februari: miwani

Mzee aliniambia taa ni hafifu. Nikaisogeza, akasema bado. Nikaweka balbu kubwa zaidi, akasema labda alasiri si wakati mzuri. Mchomeleaji mmoja naye alikuwa anasogeza vernia mbali kidogo kidogo mpaka mkono ukanyooka wote. Hapo ndipo nikaelewa. Mtu wa miaka arobaini na kitu kwenda juu hasemi kwamba haoni, hasa mbele ya vijana.

Nimenunua miwani mitatu ya kusomea ya barabarani, ya +2.00, 5,000 kila mmoja, nikaiweka kwenye boksi la vifaa pamoja na vernia. Sikusema ni ya nani. Mie mwenyewe nikavaa wa kwanza. Baada ya dakika kumi yote mitatu ilikuwa kazini. Ukianzisha darasa la watu wazima, nunua miwani kabla ya kununua ubao.

15 Februari: buku, jero, na kipande kilichobadilishwa

Leo mikromita, na leo nukta. Nikauliza: 0.5 na 0.45, ipi kubwa? Sita kati ya tisa wakasema 0.45, kwa sababu 45 ni zaidi ya 5. Nilichora ubaoni, nikagawa chungwa, nikachosha watu. Kijana wa bodaboda ndiye aliyetuokoa bila kujua. Alikuwa pembeni anabishana na mteja kwenye simu kuhusu jero, shilingi mia tano.

Nikafuta ubao nikaandika: milimita moja ni buku, shilingi elfu. Basi. Nusu milimita ni jero. 0.45 ni mia nne na hamsini. Nani anataka mia nne na hamsini aache jero? Hakuna. Sehemu ya mia ya milimita ni shilingi kumi, na mikroni, ile ambayo watu huitaja kwa sauti ya chini kama jini, ni shilingi moja.

Mikromita yenyewe kumbe imeundwa kwa hesabu hiyohiyo. Uzi wa skrubu ya ndani unasogea nusu milimita kwa mzunguko mmoja, na kile kipipa cha kuzungusha kina mistari hamsini. Mzunguko mmoja ni jero, kila mstari ni kumi. Unahesabu mabuku kwenye mkono wa chombo, unaangalia kama jero imechungulia, unamalizia na chenji kwenye kipipa. Chombo kisichorudi sifuri kikifungwa nacho kina jina sasa. Kikifungwa kikasoma 0.03, kinakulipa thelathini ya bure kila ukipima, uirudishe. Kikikosa thelathini kufika sifuri, kinadaiwa, ukiongezee.

Njia hii ilipasuka sehemu moja. Mtu aliandika 0.3 kisha akasema shilingi tatu. Sasa ni sheria: ukifanya hesabu za fedha, baada ya nukta lazima tarakimu tatu, 0.300, 0.050, 0.007. Hakuna kuandika noti bila sifuri zake.

Halafu likaja jambo ambalo sikulitegemea. Nilitoa kipande, Mzee akapima kwanza kwa kuwa ni mkubwa, akasema kwa sauti: "Ishirini na moja, mia nne na sabini." Wa pili akapima: 21.47. Wa tatu: 21.47. Nikafurahi mno. Nikafurahi kupita kiasi, mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Wakati wa nne akisogea mezani nikajifanya nakifuta kipande kwa kitambaa, nikakibadilisha na kingine kinachofanana, cha 21.17. Mia tatu nzima imetoka. Wa nne akasoma 21.47. Wa tano hivyohivyo. Wa sita, dada wa cherehani, alikaa nacho muda mrefu, akanitazama, akamtazama Mzee, akasema taratibu: "21.47, mwalimu."

Hawakuwa wanadanganya kwa ubaya. Nani atasimama mbele ya mtu wa umri wa baba yake aseme, babu umekosea? Adabu ile ile tuliyofunzwa na mama zetu ndiyo iliyokuwa inasoma mikromita.

Nilipowaonyesha vipande viwili wamecheka mpaka majirani wakachungulia. Mzee alicheka zaidi ya wote. Tangu leo tunatumia kopo la maziwa ya unga lenye tundu juu. Unapima, unaandika kwenye karatasi, unakunja, unatumbukiza, unakaa kimya. Kama kura. Ninayefungua ni mie.

Pengo la kwanza la kopo, mikromita: 0.58. Mmoja alisahau jero. Ukimtoa yeye, 0.09. Namba mbaya, lakini ya kweli.

8 Machi: mkono

Ramadhani. Tumehamia usiku baada ya tarawehe, saa tatu na nusu mpaka saa tano. Mmoja amesafiri kwenda Pemba na amesema harudi kwenye kozi, tumebaki wanane. Umeme umekatika mara moja, tukamalizia kwa tochi za simu. Mwanga wa tochi ukipiga kwa upande kivuli kinasogeza mstari, usipime hivyo.

Kazi yote ya mwezi huu ni mkono. Mjenzi wa jahazi ana kiganja kilichokaza misumari miaka arobaini, na mikromita akiishika anaikaza kama jiriwa. Kile kichwa kidogo cha mwisho, racheti, kimewekwa ili nguvu iwe moja kwa kila mtu: unazungusha hicho, si kipipa, mpaka kilie tik tik tik, unaacha. Mzee alikuwa anakipita.

Somo lililofanya kazi ni karatasi. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ina takriban 0.10, yaani shilingi mia. Dada wa cherehani alipata 0.10. Mzee alipata 0.08, na ukiitoa karatasi ile unaona alama ya duara imezama. "Umeila ishirini," kijana wa bodaboda akasema. Usiku ule wakaanza kupima kila kitu. Unywele wa kila mtu, jani la mwembe, noti. Unywele wa dada ulikuwa 0.07, wa Mzee, mweupe, 0.06. Nikawaacha. Saa moja ya mchezo huo ilifundisha mkono kuliko wiki mbili zangu.

Pengo, kipande cha chuma: 0.04.

12 Aprili: kutu

Tumefungua boksi baada ya Idi. Masika imeanza, hewa yenyewe ya bahari, na nyuso mbili za mikromita moja zina madoa ya kahawia. Kosa ni langu. Nilizihifadhi zimefungwa kabisa, uso kwa uso, na jasho la vidole likabaki katikati. Sasa tunaacha uwazi kidogo, na kila chombo kinafutwa kabla hakijalala.

Mafuta tuliyojaribu kwanza ni ya nazi, maana hapa hayanunuliwi mbali. Usifanye. Baada ya wiki moja vernia ilikuwa inateleza kama iliyopakwa asali. Tumeisafisha kwa mafuta ya taa, na sasa tunatumia mafuta ya cherehani, chupa 3,000, wazo na chupa vyote vya dada. Yanatosha tone moja kwenye kitambaa.

19 Aprili: mikromita kubwa

Leo tumeanza ile ya 25 hadi 50. Nimeikagua kwa beringi 6204. Ikasoma 46.96 badala ya 47.00. Nikachukua spana yake ndogo nikaisogeza mpaka ikasoma 47.00. Dakika tano. Zile ndogo tumezikagua kwa kuzifunga mpaka sifuri na kwa 608 zote tatu, ziko sawa.

Pengo 0.03 kwa mikromita kubwa, 0.02 kwa ndogo. Tumefika tulipotaka kwa ndogo.

3 Mei: joto

Vipimo vya uhandisi duniani vimewekwa kwa nyuzi 20 za joto. Uani kwetu nyuzi 20 hatujaziona. Chuma kwa chuma hakuna tatizo kubwa, kipande na chombo vinatanuka pamoja, mradi vyote viwe vimekaa mezani muda mmoja. Taabu inakuja kwa alumini, na kwa kipande kilichotoka sasa hivi kwenye mashine.

Kijana wa bodaboda alileta pistoni. Tukaianika juu ya bati nusu saa, tukaipima, kisha tukaitumbukiza kwenye ndoo ya maji na kuipima tena. Imepungua 0.03. Shilingi thelathini zimeyeyuka kwenye ndoo. Chuma hutanuka karibu nusu ya alumini, kama mikroni 11.5 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Shafti ya milimita 30 iliyopata moto nyuzi 40 zaidi ya hewa inazidi kwa mikroni 14 hivi. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba shafti ya 30 ya kuvishwa beringi kwa kubana kidogo, ile ambayo majedwali huiita k6, inatakiwa izidi 30 kwa mikroni 2 hadi 15. Nafasi yako yote ni shilingi 13, na mikromita yetu haina sarafu ndogo kuliko kumi. Tunalenga 30.01 baada ya kipande kupoa kabisa.

10 Mei: kazi ya kwanza ya kweli

Mteja wa Pongwe ana mashine ya kusaga. Shafti imekwisha, anataka mpya ya kukaa beringi mbili za 6206, yaani 30 kwa ndani. Nimekereza mie, darasa limepima kila hatua kwa mikromita kubwa. Tumeacha ipoe saa nzima, tukanywa chai na bajia.

Kopo: karatasi saba kati ya 30.00 na 30.02. Ya nane, dada, 29.96. Nikamuuliza mbona, akasema alirudia kwa vernia pia, ndiyo maana. Nikamwambia vernia haiwezi kushindana na mikromita kwenye kazi kama hii, na akae ajifunze kuiamini mikromita. Karatasi yake sikuihesabu. Pengo 0.02.

Shafti imekwenda Pongwe.

17 Mei: imerudi

Beringi zimezunguka juu ya shafti. Mteja amekuja nayo imefungwa kwenye gunia, pale beringi zilipokaa pamekuwa buluu kwa moto na pamechimbika. Fundi wake anasema ziliingia kwa kidole bila nyundo, akashukuru Mungu kazi imekuwa rahisi. Siku mbili hakusaga.

Nikaliambia darasa kwamba ni joto, tulipima kabla haijapoa. Nilisema kwa uhakika kabisa.

Kijana wa bodaboda alikuwa amenyamaza anaandika kwenye kiganja. Pembeni ya sehemu iliyochimbika, ambapo hapajaguswa, vernia inasoma 29.96 mpaka 29.98. Tulidhani ni 30.01. Zimepotea kama arobaini. "Mwalimu, kwa zile mikroni ulizotufundisha, ili chuma cha 30 kizidi arobaini lazima kiwe na joto nyuzi mia moja na zaidi juu ya hewa. Mie shafti ile niliibeba mkononi baada ya chai. Ningekuwa na kiganja?"

Sikuwa na la kumjibu.

24 Mei: shahidi wa uongo

Wiki nzima sikulala vizuri. Leo tumefanya hivi, na mwenye mikromita ya mtumba afanye kama sisi kabla hajaharibu kitu.

Mikromita ndogo tunaiamini, kwa kuwa inajifunga mpaka sifuri na inakubaliana na 608 tatu za maduka matatu. Inaishia 25.00. Kubwa inaanzia 25.00. Basi pana mahali pamoja tu zinapokutana. Nikakereza kijiti cha chuma, nikakimalizia kwa msasa laini, tukikipima kwa mikromita ndogo kila baada ya mapigo machache, mpaka watu wanane kwa kopo wakasoma 25.00 bila kutofautiana hata mmoja. Ilichukua alasiri nzima na vijiti viwili viliharibika, kimoja kilipungua, cha pili kilikuwa na umbo la yai: 25.00 upande mmoja na 24.98 ukikizungusha robo.

Kisha tukakiweka kwenye mikromita kubwa. 25.04.

Haikuwa joto, wala wanafunzi, wala mteja. Ile beringi ya 6204 ya 4,500 ni feki. Kipimo chake cha kweli nje ni 46.96, na mikromita ilikuwa inasema kweli tangu nilipoinunua. Tarehe 19 Aprili nilichukua chombo kizima nikakifundisha uongo wa shahidi mmoja, kisha watu wanane wakaujifunza kwa mkono mzuri na pengo dogo la kupendeza. Pengo dogo linasema watu wanakubaliana, kwamba wamepatia halisemi. Hilo sikuwa nimelifikiria siku nilipoanza kuandika hapa.

Tumenunua 6204 nyingine kwa 14,000, duka tofauti. Nilirudisha mikromita kwa kijiti, 25.00. Beringi mpya ikasoma 46.99. Hapo ndipo penyewe.

Nilimwomba dada radhi mbele ya wote. Nilimuuliza kwa nini hakushikilia neno lake, akacheka kidogo: "Ulishasema, mwalimu." Mzee, ambaye alikuwa anafuta mikromita kwa kitambaa kama mtu asiyesikiliza, akaongeza: "Nawe siku moja tukubadilishie kipande."

Sheria mpya tatu. Shahidi mmoja haendeshi kesi, chombo kinakaguliwa kwa vitu viwili visivyotoka duka moja. Karatasi iliyo tofauti haitupwi, kipande kinapimwa upya na mwenye karatasi hiyo anapima kwanza. Na karatasi yangu nami inaingia kwenye kopo. Njia ya mwenye nafasi ni kupeleka chombo kwenye maabara ya ugezi, ya kukagua usahihi wa vipimo, ya Shirika la Viwango (TBS) kule Dar es Salaam. Kwa darasa letu nauli na ada vinasubiri mpaka tupate kazi za kulipia.

Shafti mpya nimeitengeneza kwa gharama zangu: chuma 28,000, beringi mbili 36,000, usafiri 6,000. Nimekwenda Pongwe mwenyewe kuivisha. Iliingia kwa kugongwa kidogo kidogo kwa kipande cha bomba, sauti ikibadilika kila inapokaribia bega la shafti.

14 Juni: tulipo

Mashine ya Pongwe imesaga wiki tatu. Nimepita Alhamisi nikashika nyumba ya beringi kwa kiganja, vuguvugu tu.

Mtihani wa mwisho: vipande vitano, watu tisa nikiwemo mie, kopo. Pengo kwa mikromita ndogo 0.01 kwa vipande vitatu na 0.02 kwa viwili. Kubwa 0.02. Mzee hafikii wenzake kwenye vernia, macho, lakini kwa mikromita mkono wake sasa ndio mwepesi kuliko wote, na karatasi ya fotokopi anapata 0.10 kila mara. Anasema anataka kupima unene wa misumari ya jahazi, sijui ya nini, nimemwazima moja.

Wawili wamepata kazi, mmoja kwenye karakana, mmoja kiwandani, na wote wamesema kwenye usaili walipewa vernia. Mmoja alimuuliza msimamizi kama vernia ile imekaguliwa. Sijui kama ni busara kuuliza hivyo siku ya kwanza, ila wamemchukua.

Hesabu: vifaa vya mwanzo 331,000, miwani 15,000, mafuta ya cherehani 3,000, beringi ya kweli 14,000, shafti ya Pongwe 70,000, na rangi ya kucha 1,500 ambayo dada alikataa kulipwa mpaka nikamlazimisha. Jumla 434,500. Michango 180,000, yule wa Pemba alishalipa na hakudai. Nimetoa mfukoni 254,500.

Tusichokiweza bado ni kupima matundu. Midomo ya ndani ya vernia inapotea kwenye tundu dogo, na pengo letu kwa tundu la 20 ni 0.12, aibu tupu. Kundi la pili linaanza Julai na somo hilo atalifundisha dada wa cherehani, kwa kuwa pengo lake yeye peke yake, akipima tundu mara kumi, ni 0.04, na langu ni 0.06. Kijiti cha 25.00 kimefungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, kinakaa kwake. Ile 6204 feki tumeitundika kwa uzi juu ya meza.